Babu kaacha majaruba ya chumvi: bakteria wa udongo wanarudi baada ya muda gani?

Swali lilikuwa refu, nalifupisha. "Shikamoo dokta. Nipo Lindi, marehemu babu katuachia majaruba ya chumvi yaliyokatwa zamani ukingoni mwa mikoko. Yana kama miaka kumi hayatumiki, tuta bado zima, maji ya bahari hayaingii. Tunataka tulime mpunga au hata bustani. Kuna jamaa anatuuzia dawa ya chupa anasema ndani mna bakteria hai, eti chumvi imeua bakteria wote na bila kuwarudisha hapaoti kitu. Mjomba yeye anasema tuache tu, miaka ikipita ardhi itajirudi. Nani mkweli? Na sehemu iliyokuwa bahari ikafanywa nchi kavu, bakteria wake wanachukua muda gani kubadilika?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza maswali mawili kwa mpigo, moja la hela na moja la sayansi, ngoja nianze na la hela ili usije ukalipa kabla hujamaliza kusoma: usinunue hiyo chupa. Mjomba naye hajapatia, ila kakosea kidogo kuliko huyo jamaa, na kuna jambo moja wote wawili hawajaliona ambalo ndio linaweza kukuharibia shamba kabisa, nitalifikia.

Kwanza hii habari ya chumvi kuua bakteria wote. Chukua jembe uende pale tuta linapopakana na mikoko, maji yakiwa yamekupwa, chimba shimo la kina cha goti. Juu utakuta tope la kahawia, unene wa kidole tu, chini yake jeusi tititi, na ukilipasua unapigwa na harufu ya yai viza. Hiyo harufu ndio bakteria wenyewe wapo kazini. Kule chini oksijeni hamna, maji yamejaza kila kitundu, sasa kuna bakteria wanaoitumia salfeti, kitu chenye salfa na oksijeni kilichoyeyuka kwenye maji ya bahari, kama mimi na wewe tunavyotumia hewa, wanakula majani ya mkoko yaliyooza, wanapumua salfeti, na wanachotoa ni hiyo gesi inayonuka. Wa kwanza kuwatenga alikuwa Mholanzi Martinus Beijerinck, kule Delft, mwaka 1895. Wapo kwa mamilioni kwenye kijiko kimoja cha tope.

Na hata ndani ya jaruba lenyewe kulikuwa na uhai. Muulize yeyote aliyefanya kazi ya chumvi na babu yako, atakwambia kuna siku maji ya jaruba la mwisho, lile la kukaushia, yanageuka rangi ya pinki kama juisi ya zambarau iliyozimuliwa. Wanadhani ni kutu au uchafu. Ni viumbe wadogo sana wanaopenda chumvi kuliko kitu kingine chochote, mahali ambapo samaki hadumu hata dakika wao ndio wanashamiri. Kwa hiyo nyumba ya babu haijawahi kuwa tupu, wapangaji wamo, ila sio wapangaji ambao mpunga au bamia inawataka. Swali la kweli sio lini watarudi, ni kitu gani kitawafanya wa zamani wahame na wapya waingie.

Nitenganishe kitu kimoja haraka. Kupata ardhi toka baharini kuna namna mbili. Moja ni kujaza, unamwaga mchanga au kifusi mpaka panakuwa juu ya maji, kama Palm Jumeirah ya Dubai iliyojengwa kwa mchanga ulionyonywa chini ya bahari kuanzia 2001, au hata Darajani pale Unguja ambapo zamani palikuwa na mkono wa bahari na daraja la kuuvuka ndio likaacha jina. Hapo bakteria ni wa hicho kifusi ulichomwaga, stori nyingine. Ya pili ni kuzungushia tuta ukaitoa bahari nje, na lile tope la chini ndio linakuwa shamba. Majaruba ya babu yako yapo kundi hili, na Uholanzi na China yapo hivyo hivyo, tofauti ni ukubwa tu.

Sasa unajuaje bakteria wanabadilika vipi kwa miaka 50 au 500, nani ataishi akipima? Wachina wana bahati. Pwani ya Jiangsu, kaskazini ya Shanghai, Mto Manjano ulikuwa unamwaga tope lake pale toka 1128 mpaka 1855, tope jingi mno, pwani ikawa inasogea kuifuata bahari, na watu kila kizazi wanajenga tuta jipya mbele ya lile la zamani. Kuna tuta moja lilijengwa miaka ya 1020 na ofisa mmoja aitwaye Fan Zhongyan kuzuia bahari isiingie mashambani, leo lipo makumi ya kilomita ndani ya nchi kavu, ukisimama juu yake huioni bahari wala huisikii. Mji mkubwa wa pale unaitwa Yancheng, maana yake mji wa chumvi, nao ulianza hivyo hivyo kama kwa babu yako. Kwa hiyo mtafiti anaanza kwenye tope la nje ambalo bado linaoga maji ya bahari, anavuka tuta la kwanza, la pili, la tatu, kila tuta anachukua mfuko wa udongo, na akifika mwisho katembea miaka mia kadhaa kwa siku mbili tatu. Kusini ya hapo, Cixi kwenye ghuba ya Hangzhou, wanafanya hivyo hivyo kwenye majaruba ya mpunga na wamefika udongo wa miaka kama 2000.

Ina kasoro zake, maana shamba la miaka 300 lilitengwa kwenye tope la wakati ule na limelimwa na watu wengine kwa njia zingine, huwezi kuapa kwamba la leo litapita njia ile ile. Na DNA nayo, ambayo ndio watafiti wanaisoma kujua bakteria gani wamo, inadanganya kidogo, bakteria akifa DNA yake inaweza kubaki udongoni muda mrefu, kwa hiyo ukisoma orodha ya bakteria "waliopo" baadhi yao ni marehemu. Lakini ukiweka Jiangsu, Cixi na Uholanzi pamoja, mwelekeo ni mmoja.

Mi huwa nawaambia wanafunzi wafikirie saa yenye mishale minne, kila mmoja na mwendo wake.

Mshale wa kwanza ni hewa, huo unakimbia. Ukishatoa maji, tope linaanza kupasuka, hewa inaingia kwenye nyufa, na ndani ya siku na wiki wale wanaopumua salfeti wanarudi chini kunakobaki maji, wengine wanakufa, wengine wanalala tu. Wanaotumia oksijeni wanachukua juu. Unaweza kuliona kwa macho, bonge jeusi ukiliacha juani kesho yake pembeni limeshageuka kijivu halafu kahawia. Waholanzi walipokausha Flevoland ya mashariki, eneo lililokuwa chini ya maji, mwaka 1957 chini palikuwa na uji, mtu akikanyaga anazama, trekta ndio usiseme, wakapanda matete kwa kurusha mbegu toka kwenye ndege. Matete yakanyonya maji, mizizi ikapitisha hewa chini, udongo ukaanza kushikana. Wao wana neno lao la hatua hii na maana yake ni kupevuka, kama embe. Udongo unapevuka. Serikali ililima yenyewe miaka kadhaa kabla ya kumkabidhi mkulima yeyote, hawakuuza siku bahari ilipotoka.

Mshale wa pili ni chumvi, na huu ndio unaopanga zaidi ni bakteria gani wakae. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Bakteria akiwa kwenye chumvi nyingi maji yanataka kumtoka mwilini, basi anajitengenezea sukari na vitu vingine vya kuyashikilia ndani, na hiyo ni gharama, nguvu ambayo angeitumia kuzaana au kuozesha majani anaitumia kujizuia asikauke. Ndio maana udongo wa chumvi una bakteria wanaofanya kazi polepole. Chumvi ikishuka, waliozoea bahari wanapoteza faida yao, wanazidiwa na wageni wasiobeba mzigo huo. Kwenye matuta ya China unaona makundi ya baharini yanapungua, na yale ya udongo wa kawaida wa shambani yanapanda, wakiwemo jamaa wanaotoa ile harufu nzuri ya ardhi mvua inapoanza kunyesha. Ukiisikia hiyo harufu kwenye jaruba la babu mvua za kwanza, ni habari njema kuliko cheti cha maabara.

Lakini sikiliza, chumvi haishuki kwa sababu kalenda imegeuka. Waholanzi walikausha Wieringermeer mwaka 1930, wakati bahari yao ya ndani, Zuiderzee, bado ina chumvichumvi. Udongo ukatoka na chumvi, na walishalijua hilo, kwa sababu miaka mitatu kabla walitengeneza shamba dogo la majaribio Andijk, hekta 40, kujifunza tu namna ya kuiosha. Mwaka 1932 wakafunga bahari nzima kwa tuta la kilomita 32, mito ikaendelea kumwaga maji baridi mle ndani, bahari ikawa ziwa. Flevoland ilipokaushwa 1957 tope lake lilikuwa limelala chini ya maji baridi miaka 25, chumvi nyingi ilishaondoka kabla pampu haijawashwa. Bahari ni ile ile, lakini mmoja kaanza na mzigo wa chumvi na mwingine kaanza karibu msafi. Kwa hiyo mtu akikwambia udongo wa miaka kumi una bakteria hawa na wa miaka ishirini hawa, muulize maji baridi yalipita kiasi gani. Kwenu hapo, kama tuta limezuia bahari lakini maji ya mvua nayo hayana pa kutokea, yanasimama halafu yanakauka juani, basi chumvi ya babu ipo pale pale, inashuka masika inapanda kiangazi. Hapo ndipo mjomba alipokosea.

Kuna hesabu ya zamani ya wataalamu wa kuosha chumvi, sio sahihi kila mahali ila inasaidia: maji ya kina cha sentimita 30 yakipita ndani ya udongo wa kina cha sentimita 30 yanaondoa kama asilimia 80 ya chumvi iliyomo. Yakipita ndani, sio yakipita juu. Lindi mnapata mvua ya kutosha kabisa kwa hesabu hii toka Novemba Desemba mpaka Mei, ishu yenu sio mvua, ni mtaro.

Na kuna mtego hapo. Chumvi ikishatoka, sodiamu inabaki imeshikamana na mfinyanzi, udongo unalainika kama sabuni, ukikauka unakuwa saruji, hewa haipiti na bakteria wazuri wanakabwa upya. Dawa yake ni jasi (jipsamu), kalsiamu ya jasi inaisukuma sodiamu itoke na maji. Waholanzi waliimwaga sana baada ya mafuriko ya Februari 1953 ambapo bahari ilivunja matuta ikaua watu 1,836 na kuzamisha mashamba kwa maji ya chumvi. Nyie jasi ipo jirani, Kilwa inachimbwa. Huyo wa chupa angekuuzia jasi ningemwita mfanyabiashara wa maana.

Mshale wa tatu ni chakula, unatembea kwa miaka makumi. Tope la bahari lina mboji kiasi ila sio ile ya shamba, na bakteria wanaoingia wanataka mizizi, majani, mabua, samadi. Kila msimu mazao yakiacha mizizi chini, idadi ya bakteria inapanda, wanatoa utomvu unaogandisha chembe za udongo, maji na hewa vinapita vizuri, mizizi inaenda chini zaidi, nao wanazidi kuongezeka. Inajilisha yenyewe ila inaanza polepole. Waholanzi waligundua kwamba hata nyungunyungu hawakuwepo kwenye ardhi mpya, nyasi zilikuwa zinakufa zinabaki juu kama zulia kwa sababu hakuna wa kuzivuta chini, ikabidi wawapeleke wenyewe, na walipowaachia walikuwa wanasambaa mita chache tu kwa mwaka. Hebu fikiria, kiumbe unayemwona kwa macho anahitaji lifti kufika, lakini bakteria hahitaji, anakuja na upepo, na vumbi, na maji ya mvua, na mbegu, na matope kwenye kandambili zako. Gramu moja ya udongo mzuri ina bakteria hata bilioni moja. Shika udongo wa bustani ya bibi nyuma ya jiko kiganja kimoja, hapo una aina nyingi za bakteria kuliko chupa zote za huyo jamaa, na ni bure.

Mshale wa nne ni chokaa iliyomo kwenye tope, vipande vya makombe na kadhalika, huo unakwenda kwa karne. Cixi chumvi ilikwisha ndani ya miaka 50 ya mwanzo ya kulima mpunga, lakini chokaa imechukua miaka mia kadhaa kuyeyuka ikaisha juu, na ikiisha udongo unasogea kwenye uasidi na bakteria wanajipanga tena upya. Hilo wewe halikuhusu, wajukuu wa wajukuu zako watashughulika nalo. Kwa hiyo jibu la lini ni hili: mabadiliko makubwa yanatokea mapema, miaka kumi ishirini ya mwanzo hivi kama maji yanapita vizuri, halafu yanakuwa madogo madogo, na hayafiki siku yakasimama.

Sasa lile jambo ambalo wote wawili hawakuliona. Wale bakteria wa harufu ya yai viza, miaka yote waliyokaa pale chini ya mikoko, ile gesi yao ilikuwa inakutana na chuma cha tope, na wakati wote huo ikatengeneza madini yanaitwa pairaiti, chembe ndogo ndogo za chuma na salfa. Tope likiwa limelowa, chembe hizo hazina neno, zinaweza kukaa maelfu ya miaka. Ukilikausha hewa ikaingia, kuna bakteria wengine kabisa wanaoishi kwa kula chuma na salfa, wanaivamia pairaiti, na wanachotoa ni asidi ya salfa, ile ile ya betri ya gari. Udongo uliokuwa na pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi, 7 ni katikati, ikishuka asidi imezidi) unashuka mpaka 4, unapitiliza mpaka 3. Aluminiamu inayeyuka toka kwenye mfinyanzi na kuunguza mizizi, mpunga unabaki njano, samaki wa mtaroni wanaelea. Wa baharini wanaondoka lakini deni wanaliacha, na anayelilipa ni aliyekausha.

Hili nalijua kwa aibu yangu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilileta mifuko sita ya tope la mikoko, nikapima pH siku hiyo hiyo, zote karibu 7, nikaandika, nikaona kazi imekwisha, mifuko nikaisukumia chini ya meza midomo wazi. Baada ya miezi kama miwili msimamizi wangu kaipata, kaniita, kanipa karatasi ya kupimia akaniambia pima tena mbele yangu. Mfuko wa kwanza ukasoma 3 na kidogo. Na juu ya mabonge kulikuwa na madoadoa ya njano iliyopauka, kama rangi ya nyasi kavu. Alinisema siku ile mpaka nikatamani niingie mle kwenye mfuko. Mkulima wa Uholanzi ule udongo wa madoa ya njano anaujua toka enzi, anauita udongo wa paka.

Kwa nini basi Flevoland haikuungua? Kwa sababu tope lake lina chokaa ya kutosha, asidi ikitoka inazimwa pale pale. Mikoko ya nchi za joto mara nyingi tope lake halina chokaa ya kuzima asidi yote. Casamance, kusini ya Senegali, miaka ya ukame ya 1970 na 1980 watu waliweka vizuizi bahari isipandishe chumvi kwenye mpunga, nia njema kabisa, udongo nyuma ya vizuizi ukakauka kupita kiasi na mashamba yakageuka asidi. Jirani zao Wabalanta wa Guinea-Bissau wanalima mpunga kwenye ardhi ya mikoko miaka na miaka, nao hawakaushi mpaka mwisho, wanaacha udongo ubaki na maji, na kuna wanaofungulia maji ya bahari kiangazi makusudi halafu mvua ndio inaosha. Hawakuwa na maabara, walishaona kinachotokea ukipakausha.

Na usije ukadhani utamaliza kwa gunia mbili za chokaa. Udongo wenye asilimia moja tu ya salfa ya pairaiti, kuzima asidi yake yote kwa kina cha sentimita 30, ni kama tani 38 za chokaa ya mawe yaliyosagwa kwa ekari moja. Lori nne za tani kumi, ekari moja.

Kwa hiyo kabla ya chupa, kabla ya jasi, kabla hujamwita mwenye trekta, fanya hivi. Chimba mashimo matano sehemu tofauti za majaruba, kila shimo chukua tope la juu, la kina cha goti na la kina cha mapaja. Kila sampuli iandike shimo na kina. Pima pH kwa karatasi zile za maabara, za bei rahisi. Halafu tandaza kila sampuli unene wa sentimita moja hivi ndani ya mfuko wa plastiki uliotobolewa, weka kivulini, nyunyizia maji kidogo kila ukiona inaelekea kukauka, iwe mbichi lakini isiogelee. Subiri wiki nane, pima tena. Iliyoanza 7 ikabaki 6 au 7, hapo una shamba la chumvi la kawaida, twende na mtaro, mvua na jasi. Iliyoshuka chini ya 4, lile tope usiliguse, usilichimbe wala usilikaushe, ukitaka mpunga ulime juu yake na maji yasimame, la sivyo rudisha maji ya bahari ufuge kaa au uiache mikoko irudi, na mikoko kwa sheria yetu ni hifadhi ya serikali kwa hiyo vyovyote vile ofisi ya misitu lazima uipitie kabla ya kupanua hata hatua moja.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mpunga. Wale wa salfeti, wakiwepo, wanawanyang'anya chakula bakteria wanaotengeneza methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Salfeti ikishaoshwa na wewe ukaacha maji baridi yasimame msimu mzima, wa methani wanabaki bila mpinzani, na methani inatoka kwa wingi kuliko wakati wa bahari. Sio sababu ya kutolima, ila ukitoa maji siku chache katikati ya msimu unaipunguza. Isipokuwa kama wiki ya nane imesoma chini ya 4, hapo usitoe.

Na chupa. Nisiwe mkali bila sababu, kuna bakteria wa kununua wenye maana, wale wa mimea ya jamii ya kunde wanaoitwa rizobia, wanaokaa kwenye mizizi na kuupa mmea naitrojeni, maana kila jamii ya mmea ina wa kwake na ardhi ambayo haijawahi kuona soya mara nyingi haina wa soya. Kenya wanauza Biofix, unapaka kwenye mbegu, bei ndogo, kazi yake inajulikana. Ukipanda soya huko mbele, nunua. Kunde na choroko mara nyingi zinajipatia wenyewe. Lakini chupa inayosema "bakteria wa udongo" bila kutaja ni nani na wanafanya nini, ukiimwaga kwenye jaruba lenye chumvi wengi wao hawadumu, na ukiimwaga kwenye udongo ulioshaoshwa wanakuta wenyeji wameshafika na wamejaa.

Mtaro chimba usiozidi kina ulichochukulia zile sampuli za juu mpaka majibu yatoke, hiyo ndio haraka pekee unayoruhusiwa. Wiki ya nane ukifungua mifuko niandikie namba zote kumi na tano, za mwanzo na za mwisho, na ukiona madoa ya njano piga picha juani usipige kwa flashi, flashi inaficha ile rangi.